Kiambishi cha mashine

Anayesoma lugha za Kiafrika hapa Lubumbashi amezoea swali moja la jamaa: «Luga tunaisema paka ku nyumba, sasa ku iniversite unajifunza nini?» Mimi hutaja ngeli, toni na fonolojia, na bado sijamshawishi mtu. Mwaka huu jibu lingine lilinijia katika karakana ya yaya wangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye kazi yake ni kuunganisha kompyuta za maofisi. Wakati wa likizo nilimsaidia kuvuta kebo, naye akaamua nijifunze kugawa mtandao.

Kila kompyuta kwenye mtandao ina anwani, kwa mfano 192.168.10.70. Sisi tunasoma namba nne, lakini mashine inasoma biti 32, yaani sifuri na moja tupu. Biti za mbele hutaja mtandao, za nyuma hutaja kompyuta yenyewe. Sehemu ile ya mbele mafundi wanaiita prefiksi. Niliposikia neno hilo nilicheka: kumbe ni kiambishi awali, na nyuma yake kuna shina!

Ugumu ni kwamba mpaka kati ya sehemu hizo hauonekani. Tazama 192.168.10.60 na 192.168.10.70. Ukiandika /24 mwishoni, yaani biti 24 za mbele ni za mtandao, hizo mbili ni majirani ndani ya kundi moja la anwani 256. Ukiandika /26, umeongeza biti mbili kwenye kiambishi, na kundi lile limegawanyika kuwa manne yenye anwani 64 kila moja. Yanaanzia 0, 64, 128 na 192. Sasa 60 iko katika kundi la kwanza na 70 katika la pili. Haziongei tena bila kupitia ruta. Katika kila kundi anwani ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kuwaita wote kwa pamoja. Kompyuta zinabakiziwa 62.

Vijana wawili wanaojifunza kazi kwa yaya walikuwa wamekariri 128, 192, 224 kwa Kifaransa, bila kujua namba hizo zinatoka wapi. Yaya akaniambia: «Wewe wa maluga, waelezee.»

Nikaanza na mtoto na mti. Yote mawili yana m- mbele. Neno likiwa peke yake, umbo lake halikuambii ni la ngeli gani. Upatanisho ndio unaosema: mtoto anaanguka, mti unaanguka. Anwani nayo ikiwa peke yake haisemi iko mtandao gani. Maski ndiyo inayosema, nayo kwa /26 ni 255.255.255.192. Kisha tukaandika 70 kwa biti: 01000110. Biti mbili za mbele ni 01, basi ni kundi la pili.

Mkubwa wao alielewa upesi. Mdogo akauliza: «Na mti, nani aliuweka katika ngeli yake?»

Swali hilo lilionyesha mahali mfano wangu unapokatika. Ngeli tumezirithi, hakuna aliyekaa akazipanga. Mtandao tunaugawa sisi, kwa sababu tunayoijua. Katika ofisi waliyokuwa wakiunganisha, kompyuta za pesa zilipaswa kukaa upande mmoja na simu za wageni upande mwingine, ruta ikiambiwa nani apite na nani asipite. Akikosea fundi kuweka mpaka, mgeni anaweza kufika penye hesabu za watu.

Naamini Kifaransa hakikumzuia kijana huyo kuelewa, kilimzuia kuuliza. Kwa lugha ya nyumbani aliuliza mara moja, na swali lake lilikuwa la isimu. Kabla hatujafunga karakana alichukua chaki akaandika ukutani, bila kutumwa: 130, 10000010, kundi la tatu.