Mraba ukisimama kwa kona, bado ni mraba

Binti yangu wa darasa la tatu alikuja na kazi ya nyumbani: pembenne nane zimechorwa, azungushie miraba. Akazungushia miwili. Wa tatu aliuacha, ule uliosimama kwa kona. "Mama, hiyo ni uru," akaniambia. Uru anaijua vizuri, maana hucheza karata na babu yake.

Nikageuza daftari kidogo. "Na sasa?" Sasa ni mraba. Nikalirudisha. "Basi ni uru tena." Akafunga daftari, akasema hesabu si zake.

Kilichonitisha ni hayo maneno, si swali. Ana miaka tisa tu, tayari anajitoa! Wala simlaumu. Kwenye chati nyingi za darasani mraba huchorwa umekaa kitako kama kasha, kwa hiyo mtoto hukariri mkao, halijui umbo.

Nikachomoa vijiti vinne vya ufagio wa chelewa, nikavikata urefu sawa, tukavifunga kona kwa uzi. Tukapata mraba. Nikamwambia asukume kijiti cha juu kuelekea kando. Vijiti havikurefuka wala kufupika, lakini umbo liliinama likawa rombasi. Akasukuma, akarudisha, akasukuma tena.

"Kumbe pande kuwa sawa haitoshi," akasema mwenyewe.

Pembe nazo lazima ziwe nyuzi 90, zote nne. Kipimo chetu kilikuwa kona ya karatasi: ikikaa barabara kwenye kila pembe, na rula ikasema pande ni sawa, huo ni mraba hata ukichorwa kichwa chini. Akaufungua ukurasa, akapima ule wa kona, kisha akauzungushia bila kuniuliza.

Baba yake akaongeza ya mafundi ujenzi. Wao hupima pia kona hadi kona. Chumba cha mita 3 kwa 3 kikiwa sawasawa, tepu husoma kama mita 4.24 njia zote mbili. Zikitofautiana, msingi umekwenda upande, hata kama kila ukuta una mita 3 kamili. Vile vijiti vilionyesha hivyo hivyo: ukisukuma, njia moja hurefuka, nyingine hufupika.

Mzozo ulianza aliposema mraba pia ni mstatili. Kaka mtu, yuko kidato cha kwanza, akakataa katakata. Lakini mstatili ni pembenne yenye pembe nne za nyuzi 90, basi. Hakuna sharti kwamba upande mmoja uwe mrefu kuliko mwingine. Nikamwambia kila jogoo ni kuku, ila si kila kuku ni jogoo.

Mdogo akadaka hapo hapo: "Basi mraba ni rombasi pia!" Ndivyo, maana pande zake nne ni sawa.

Kaka mtu bado anabisha.