Mwari Aliyejitoa

Nikiwa Babati, nikiifasiri kwa raha yangu riwaya ya Ursula K. Le Guin, The Tombs of Atuan (1971), kalamu ilinikwama. Tenar anachukuliwa kwao akiwa na miaka 5, ananyang'anywa jina, anaitwa Arha, yaani Aliyeliwa. Nilimwita mwari, nikalifuta neno. Wenzangu wa mwambao mwajua: mwari huwekwa ndani, akafundwa na somo, ili atolewe. Tenar aliwekwa abaki. Nikawakumbuka mabinti wa Manyara hii wanaokeketwa ati wakue, ingawa sheria ya 1998 yakataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18. Nao hawakuulizwa. Mwishoni, Tenar anarejeshewa jina, anaridhia kutoka gizani. Hapo nikaliandika tena: mwari.