Kidole cha Sita Kabla na Baada ya Uzi

Katika Bujumbura ya enzi za wakunga wa mtaani, mtoto aliyezaliwa na kidole cha sita pembeni mwa kidole kidogo hakukaa nacho sana. Uzi ulifungwa shinani, ukakazwa, kidole kikawa cheusi na baada ya siku kadhaa kikadondoka. Mtoto akakua bila kuambiwa lolote. Kilichovuruga desturi hiyo, kwa maoni yangu, hakikuwa elimu juu ya vidole. Ilikuwa hatua ya Mei 2006, Burundi ilipofuta malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulikuta uzazi takriban 6 kati ya 10 ukifanyika vituoni, na ule wa 2016-2017 ukakuta zaidi ya 8. Mkono wa mtoto sasa hutazamwa kwanza na muuguzi, ndipo bibi auone. Jambo ambalo halikuwalenga watu wa vidole sita limewafaa kuliko mahubiri yoyote.

Lakini mahali pa kuzalia pamebadilika upesi kuliko fikra. Bado wapo wanaonong'ona kuhusu laana au mkosi wa ukoo. La ukoo ni kweli, la mkosi si kweli. Hali hii hurithiwa: mzazi mmoja mwenye chembe hiyo ya urithi aweza kuipitisha kwa nusu ya watoto wake, na pengine huruka kizazi kizima bila kuonekana, kisha wajukuu wakashangaza watu. Kwa wenye asili ya Afrika hutokea takriban mara kumi zaidi kuliko kwa Wazungu. Mara nyingi haina ugonjwa wowote nyuma yake. Mara chache huandamana na kasoro za moyo, figo au macho, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kumwonyesha daktari mtoto kabla mtu hajatafuta uzi.

Watetezi wa uzi watasema ni wa bure, na wazee waliutumia bila kuua mtu. Nakubali kwamba ni wa bure. Ila uzi hukata ngozi bila kuushughulikia mshipa wa fahamu, nao hubaki ndani ya kinundu kidogo ukingoni mwa kiganja, palepale tunapoegemeza mkono tukiandika. Kinundu hicho kikigongwa huweza kuuma hata ukubwani, na kwa fundi gari wa mtaa wa Buyenzi anayekamata spana tangu asubuhi hilo si jambo dogo. Kidole chenye mfupa ndani ndicho hakifai kabisa kufungwa uzi, kwa kuwa hapo panahitajika upasuaji.

Wengine, na hoja yao ina uzito zaidi, watasema mtoto atachekwa shuleni na hataweza michezo. Kuchekwa kupo, sikatai. Michezo ni habari nyingine. Antonio Alfonseca wa Jamhuri ya Dominika, mwenye vidole sita kila mkono, alirusha mpira wa besiboli katika ligi kuu ya Marekani na kuulinda ushindi wa timu yake mwishoni mwa michezo 45 mwaka 2000. Swapna Barman wa India, mwenye vidole sita kila mguu, alitwaa dhahabu ya mashindano ya Asia mwaka 2018 katika heptathloni, shindano moja lenye michezo saba ya riadha. Shida yake kubwa ilikuwa viatu. Mwaka 2019 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba watu wawili wenye kidole cha ziada karibu na gumba walifanya kwa mkono mmoja kazi ambazo wengine huzifanya kwa miwili. Kidole kidogo kinachoning'inia hakina nguvu hizo, bila shaka, lakini hakimzuii mtu kushika fimbo za ngoma wala kudaka mpira. Anayemzuia ni mzazi anayemwambia afiche mkono mfukoni.

Basi mzazi, usikubali uzi. Mpeleke mtoto hospitali akaguliwe; mkiamua kiondolewe, kiondolewe na daktari, na mkiamua kibaki, mwacheni acheze na wenzake.