Kipimo cha Mkono

Milima ya Upare ya Kaskazini ina sifa ya chuma tangu kale. Katika Ugweno, ambako Msangeni imo, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na chuma cha huko kiliuzwa mpaka Uchagani. Kazi hiyo ilipungua sana chuma cha viwandani kilipoingia nchini, lakini haikuzimika kwa siku moja. Katika nyumba moja ya wahunzi wa Msangeni alikuwapo mtoto ambaye kazi yake baada ya shule ilikuwa kuvuta mivukuto ya baba yake mdogo.

Baba mdogo hakuwa na mizani wala rula. Alipima kwa jicho, kwa mkono na kwa sikio. Kila jembe lililopoa aliligonga, akasikiliza mlio wake; na jembe ambalo halikulia kama wenzake lilirudi motoni, hata kama mnunuzi alikuwa amekwisha nyosha mkono kulipokea. Mtoto aliona kuwa huo ni ukaidi, kwa kuwa makaa yalikuwa ghali na mnunuzi hakuona kasoro yoyote. Siku moja aliuliza sababu. Baba mdogo alimjibu, “Mwanangu, atakayelima nalo hatanikuta shambani nimweleze. Atalikuta jembe tu.”

Mtoto huyo alikua, akasoma, akasafiri, na mwisho akakaa Marekani katika jimbo la Pennsylvania, akifundisha hesabu. Jimbo hilo lina milima yenye misitu, na ukungu wa asubuhi wa huko ulimkumbusha kwao kuliko alivyotazamia. Majirani zake walikuwa wawindaji wa paa wa mkia mweupe. Naye alijifunza, akapata kibali, akanunua bunduki kuukuu.

Ilikuwa Winchester ya mfano wa 1894, uliobuniwa na John Browning. Chini yake, nyuma ya mahali pa kufyatulia, pana wenzo wa chuma. Ukisukumwa mbele na kurudishwa hutoa ganda tupu na kuingiza risasi mpya. Risasi hulala katika bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, kichwa cha hii kikielekea kitako cha ile. Kwa sababu hiyo vichwa vyake hufanywa butu, maana kichwa kilichochongoka chaweza, kwa kishindo cha bunduki, kuigonga fataki ya risasi iliyo mbele na kuiwasha bombani. Mfano wa 1895, ambao risasi zake hukaa katika sanduku badala ya bomba, ulifika Afrika ya Mashariki mwaka 1909 mikononi mwa Theodore Roosevelt, aliyeutumia kuwindia simba.

Katika mwaka wake wa pili wa kuwinda, mwana wa Msangeni alimpiga paa dume wakati wa alasiri. Paa aliruka, akakimbia. Mwindaji alifuata matone ya damu juu ya majani makavu mpaka giza likamzuia. Alfajiri alirudi, akatafuta kutwa nzima, asimwone. Kama paa yule alikufa kichakani au aliishi na jeraha lake, hakupata kujua.

Alipokwenda kwenye uwanja wa shabaha kutafuta kosa, alilipata upesi. Risasi alizojizoezea zilikuwa za aina moja, na risasi alizowindia zilikuwa za aina nyingine, alizozinunua siku ya mwisho kwa haraka. Kwa umbali wa mita 91, aina hizo mbili zilipiga mahali palipoachana kwa upana wa kiganja. Bunduki haikuwa na lawama, wala kiwanda hakikuwa na lawama. Kosa lilikuwa la mtu aliyedhani kuwa risasi zote ni sawa.

Tangu hapo aliamua kujijazia risasi kwa mkono wake, jambo ambalo sheria za Marekani humruhusu mwindaji kulifanya kwa matumizi yake mwenyewe. Ganda la shaba lililokwisha tumika husafishwa, hurudishwa umbo lake katika kalibu ya chuma, na hukatwa lilingane urefu na wenzake. Kisha hutiwa fataki mpya, hujazwa baruti iliyopimwa, na hufungwa kwa kichwa. Mwisho mdomo wake hufinywa, ili springi ya bomba na kishindo cha bunduki visikisukume kichwa ndani. Baruti hupimwa kwa mizani ndogo mfano wa mizani ya sonara. Kipimo chake ni greini, na greini 7,000 ni ratili moja. Kichwa alichokichagua kilikuwa cha greini 170, yaani gramu 11 hivi. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba iliyozidi huharibu kibaba chote, maana ganda lililojazwa mara mbili kwa kusahau laweza kuipasua bunduki na kumwua mwenye nayo. Kwa hiyo wakati wa kujaza hakuzungumza na mtu, na kila ganda alilimulika kwa taa kabla ya kulifunga. Alianza na kiasi cha chini kilichoandikwa katika kitabu cha watengenezaji wa baruti, akapanda kidogo kidogo, akibadili jambo moja tu kila mara, ili ajue badiliko lipi lilileta tokeo lipi.

Siku moja risasi tatu ziliingia karibu sana hata zikafunikwa na sarafu moja. Moyo wake ulitaka aishie hapo, na majirani walimpongeza. Lakini mwalimu wa hesabu alijua kuwa bahati huweza kuziweka risasi tatu pamoja, na ya kuwa bahati hiyo haitamfuata msituni. Alijaza kumi nyingine sawasawa na zile, akazipiga kwa siku mbalimbali. Zilitawanyika kwa sentimita 15. Aliiandika hesabu hiyo kubwa katika daftari, na ile ndogo akaifuta. Baada ya miezi mingi alipata mchanganyiko uliokusanya risasi kumi ndani ya sentimita 8. Haukuwa wenye kasi kuliko yote. Ulikuwa wa wastani, lakini risasi yake ya leo ilifanana na ya jana.

Msimu uliofuata paa dume mwingine alisimama kwenye uwazi, umbali wa mita 180 hivi. Sehemu ya kumwulia paa upesi ina upana wa sentimita 20 tu. Mwindaji alijua kuwa sentimita zake 8 huwa 16 umbali unapozidi mara mbili, na ya kuwa nane zile zilipatikana kwa kuegemea meza, bila upepo wala moyo kudunda. Aliishusha bunduki. Paa alitazama huku na huku, akaondoka mzima.

Majirani walipomwuliza jioni, hakuwa na nyama ya kuwaonyesha. Miezi yote ya mizani na kalibu ilikuwa imemletea mikono mitupu, na mtu angeweza kusema kuwa kazi hiyo haikuwa na faida. Lakini njiani alimkumbuka baba yake mdogo, na majembe yaliyorudi motoni mbele ya wanunuzi. Utotoni aliyahesabu hayo kuwa hasara. Sasa aliona kuwa ndiyo yaliyoyapa mengine thamani. Maana fundi apimaye kwa haki hujua pia ni lipi lisilofaa kutoka mkononi mwake, naye hulizuia. Usiku huo aliandika katika daftari tarehe, umbali, na neno moja: sikupiga.