Picha Moja Kwenye Grupu la Skuli

Wengi wenu mnanijua kwa picha za maharusi, na sharti langu mnalijua: ukumbi wa wanawake watupu, simu zote zinabaki mlangoni kwenye kikapu, kamera inayoingia ni yangu peke yangu. Leo nawaeleza siku amana hiyo ilipovunjika nyumbani kwangu.

Skuli zilipofungwa Machi 2020 kwa korona, walimu wa mwanangu walifungua grupu la WhatsApp. Zoezi linaletwa asubuhi, mtoto anafanya kwenye daftari, mzazi anapiga picha na kurudisha. Skuli zikafunguliwa, grupu likabaki. Sina ugomvi nalo. Hesabu za sehemu zilimshinda mwanangu mpaka mwalimu alipoanza kutuma sauti akieleza polepole. Anairudia mara nne, mara tano, na hakuna wa kumcheka. Simu anayotumia ni yangu, maana ya baba yake inaondoka naye alfajiri.

Jumamosi moja nilitoka kwenye shughuli ya hina. Bibi harusi alitaka kuona picha tatu usiku ule ule, nikazihamishia kwenye simu: nywele wazi, kikuba cha asmini, hina na piko mpaka viwikoni, mashaallah. Nikaenda kusali Isha. Mwanangu akachukua simu kurudisha zoezi. Alichagua kurasa mbili za daftari, kidole kikagusa na picha ya tatu.

Nilipotoka kwenye msala, wazazi wawili wameshaandika "mashaallah" na mmoja anauliza, "Nani huyu?" Nikafuta kwa wote. Lakini ziko simu zinazojiwekea picha pembeni, na huko kufuta kwangu hakufiki. Mwalimu ni mwanamume. Akina baba wamo humo.

Mume wangu aliniambia ninyamaze, picha ishafutwa, kwa nini nimtie mtu simanzi siku mbili kabla ya ndoa yake? Sikulala. Asubuhi nikavaa baibui nikaenda mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akasema, "Dada, zifute zote." Zote, hata ile ya mama yake akimpulizia hina ikauke, hata ya bibi yake ameshika chetezo cha udi. Nikamsihi nimwekee kwenye flashi abaki nazo yeye, akakataa. Nikafuta moja moja mbele yake, kwa sababu alitaka kuona. Pesa zake nikamrudishia. Radhi alinipa, Allah amlipe, ila siku ya harusi alikuja mpiga picha mwingine.

Mtoto nilimfokea usiku ule, halafu nikaona haya. Alikuwa na miaka tisa, anarudisha hesabu alizozipata zote. Aliyechanganya kazi na skuli kwenye simu moja ni mimi.

Sasa picha za bibi harusi hazitoki kwenye kadi. Anayetaka kuchagua anakuja nyumbani, tunakaa kwenye kompyuta na chai. Wengine wananung'unika kuwa nachelewesha, na kweli nachelewesha. Grupu nimelinunulia simu ya mtumba Darajani, kioo kimepasuka pembeni. Juzi niliipekua yote: kurasa za daftari tupu, na kwenye nyingi kivuli cha kichwa chake kimeangukia hesabu, kwa sababu siku hizi anapiga mwenyewe.