Nyota Mbili Juu ya Mugunga

Nilifika Mugunga kwa mara ya kwanza nikitokea Bukavu, kwa boti hadi bandari ya Goma, kisha kwa pikipiki kwenye barabara ya Sake. Kila upande palikuwa na makoro, mawe meusi ya volkano, na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizosheheni mkaa zilikuwa zikielekea mjini. Mwalimu wa fizikia alikuwa ameniita nizungumze na wanafunzi wake.

"Tukae huku juu, kaka," aliniambia giza lilipoingia. "Kule shimoni kuna mazuku." Ni kabonidioksidi itokayo ardhini, ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni na kuua watu na mifugo.

Ilikuwa Julai, kiangazi, mbingu safi. Kijana mmoja alionyesha Spica, nyeupe inayokaribia buluu, kisha Antares, nyekundu, katika kundinyota la Nge. "Mwalimu, ipi inaangaza zaidi?"

Kwa macho zinakaribia kulingana, kila moja magnitudo 1 hivi. Lakini Spica iko umbali wa miaka ya nuru 250 hivi, Antares 550 hivi. Kwa hiyo tulizileta zote, kwa hesabu, kwenye umbali mmoja wa miaka ya nuru 32.6. Hapo Spica inakuwa −3.5 na Antares −5.1, ilhali Jua letu lingekuwa 4.83 tu. Namba ikipungua, mwanga huongezeka: kila magnitudo 5 ni mara 100. Spica ikatupa mwanga wa Jua 2,000 hivi, Antares 9,000 hivi.

Wanafunzi walidhani tumemaliza. Hesabu ile, hata hivyo, ilikuwa ya bendi V peke yake, karibu na rangi ambazo jicho huziona vizuri. Niliwageuza kuelekea mlima wa volkano wa Nyiragongo, uliokuwa ukiwaka wekundu mawinguni: lava yenye nyuzi 1,000 hutoa sehemu kubwa kabisa ya mnururisho wake katika infraredi, na jicho halipati ila masalio. Antares nayo, ingawa ina joto zaidi ya lava, iko hivyo. Katika bendi K ya infraredi ina magnitudo −3.8 hivi, Spica 1.7, pengo ni zaidi ya mara 100. Spica, yenye joto kali, humwaga nishati yake nyingi katika urujuanimno, na ikijumlishwa yote inafikia Jua 20,000 hivi.

Jua lenyewe si 4.83 katika kila bendi. Katika K ni 3.27. Anayepima nyota kwa K akalinganisha na Jua la V hukuza jibu lake zaidi ya mara nne, na nionavyo mimi hili ndilo kosa baya kuliko yote katika hesabu hii, kwa sababu jibu bado huonekana la kuaminika.

Ndugu msomaji, ukitaka kuifanya hesabu hii nyumbani, andika jina la bendi kando ya kila magnitudo, ya nyota na ya Jua, kabla hujatoa namba moja kwenye nyingine.