Sumaku Mfukoni

Kwa miaka sita nilizunguka vijiji vya Mlima Meru nikinunua chuma chakavu, na gari bovu kwangu lilikuwa kilo tu. Sikujali ni gari gani. Nilikuwa nalipiga teke, namtajia mwenyewe bei, kisha namwita kijana wa gesi aje akate. Hata Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963 na tena mara tatu mfululizo kuanzia 1966, nililipasua Usa River kama debe.

Aliyenizindua ni fundi mmoja wa mtaa wa Unga Limited. Nilimpelekea springi za Land Rover niliyokuwa nimeikata, bodi yake bado iko juu ya Canter. Akachomoa sumaku ya spika ya redio, akaibandika mlangoni. Ikaanguka. Akaibandika kwenye kipande cha chasisi, ikang'ang'ania.

"Mdogo wangu, hii bodi ni alumini. Umeshazipima ngapi kwa bei ya chuma?"

Nilijihurumia kwanza. Baadaye, usiku, ndipo nikawakumbuka walioniuzia.

Fundi huyo ndiye aliyenifundisha kusoma gari. Land Rover ilipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao kwa sababu ya uhaba ulioachwa na Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Ndiyo maana mashambani unakuta chasisi imeliwa na kutu hadi imekatika, lakini bodi imesimama, imepauka rangi tu. Taa zikiwa katikati, zimebanana kwenye grili, hiyo ni ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zilihamia kwenye fenda. Zikiwa zimeibwa, chungulia dashibodi: mita zikiwa katikati, gari ni la 1971 au kabla yake, zikiwa mbele ya dereva, ni Series III. Urefu napima kwa kamba, ekseli hadi ekseli. Sentimita 277 ni ile ya inchi 109.

Mwaka jana niliikuta moja Oldonyo Sambu, nyuma ya zizi la bibi mmoja, imejaa mabua ya mahindi.

"Shikamoo, koko."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuikata?"

Nikamwambia nimekuja kuitazama kwanza. Matundu ya taa yalikuwa kwenye fenda, tundu la mita katikati. Nikapiga magoti upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikana na chasisi, nikasugua kwa brashi ya waya. Namba ikajitokeza polepole, tarakimu moja imeshamezwa na kutu. Koko akaingia ndani, akarudi na kadi ya gari iliyoviringishwa kwenye nailoni. Jina la marehemu mumewe. Mwaka 1969. Namba zikalingana, na ile iliyomezwa tukaipata kwenye kadi.

Nikampa hesabu yote: alumini kilo ngapi na bei yake, chasisi bei yake, na kwamba mtu anayefufua magari anaweza kumlipa zaidi yangu. Zamani ningekufa kabla sijatamka hayo. Akasikiliza hadi mwisho, akatazama kiti cha dereva, ambako tetea alikuwa ameatamia.

"Na kuku watalala wapi?"

Nikanunua mayai kumi, nikashuka nayo Ngaramtoni.